Sindano, Uzi na Mvua za Vuli: Safari ya Bukoba na Muleba

Wasomaji wengi wa ukurasa huu waisikiapo Kagera hukumbuka ndizi, kahawa na senene. Wachache hukumbuka baridi. Lakini mama yeyote aliyelea mtoto mchanga Kamachumu, Rubya au Nshamba atakuambia kwamba huko mtoto anahitaji soksi. Anazihitaji usiku wa mvua, upepo unapovuma kutoka ziwani, na asubuhi ukungu unapolala juu ya migomba kana kwamba jua limesahau njia.

Ni kwa ajili ya soksi hizo ndogo nilifunga safari ya kwenda Bukoba na Muleba wakati wa vuli. Nilikuwa nimesikia kwamba wako akina mama wa huko ambao hufuma kwa kujifurahisha baada ya kazi za nyumbani, na kwamba mvua zikianza hukutana kubadilishana nyuzi. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Aidha, nilitaka kupata jibu la swali ambalo wengi wetu huulizwa na waume zetu, na siku hizi hata na mabinti zetu: kwa nini mtu ajichoshe kufuma soksi wakati mitumba imejaa sokoni?

NJIA YA KWENDA

Kutoka Mwanza mtu aweza kwenda Bukoba kwa maji au kwa nchi kavu. Safari ya majini ni ya usiku kucha. Meli ya MV Victoria, ambayo kizazi chetu kiliifahamu tangu utoto, ilifanyiwa matengenezo makubwa ikarudi ziwani mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Hata hivyo, kwa watu wa Kagera safari ya meli haikosi ukimya wake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitoka Bukoba, na zaidi ya watu 800 walipoteza maisha. Ni vigumu kukaa na akina mama wa makamo wa Bukoba au Muleba bila kumpata mmoja ambaye siku ile ilimwachia pengo nyumbani.

Safari ya barabara imekuwa nyepesi kuliko zamani. Basi halingojei tena kivuko cha Busisi, kwa maana daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na jina la hayati Rais John Magufuli, lilifunguliwa mwezi Juni 2025. Ukishavuka unapita Sengerema, Geita na Chato, kisha unaingia Muleba. Hapo utaona nchi ikibadilika. Nyasi za rweya, yaani uwanda wazi usiolimwa, zinafuatana na visiwa vya kijani kibichi. Kila kisiwa ni kijiji, na ndani yake kila nyumba imezungukwa na kibanja chake: migomba juu, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni.

Bukoba mjini kumekaa kando ya ziwa, kisiwa cha Musira kikiwa mbele yake kama mlinzi. Mto Kanoni unapita katikati ya mji ukielekea ziwani. Mji huu ulianza kama kituo cha Wajerumani kilichowekwa na Emin Pasha mwaka 1890. Mkristo akifika huko ana mengi ya kuyatafakari. Katika kanisa kuu la Jimbo Katoliki amezikwa Kardinali Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Kamachumu, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali katika nyakati zetu. Nao Walutheri wanamkumbuka Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani, kuanzia mwaka 1977 hadi 1984. Watu wawili wakubwa namna hiyo kutoka migombani pale pale! Nao pia walikuwa watoto wachanga siku moja, na yuko mama aliyewafunika wasipate baridi.

VULI YA KAGERA

Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini wanawake wanaofuma hungojea majira ya majani kupukutika. Siku zinapokuwa fupi na upepo unapokuwa mkali, ndipo wanapotoa sindano na kuanza soksi za familia. Kagera majani ya mgomba hayapukutiki, lakini vuli inafanya kazi ile ile. Mvua zinaanza Septemba na kuendelea mpaka Desemba. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi sana katika Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka wa kawaida. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Kamachumu ziko juu zaidi. Hivyo basi jioni ya Novemba mtoto wa Kamachumu hawezi kuvikwa kama mtoto wa Tanga.

Mvua pia huwapa akina mama kitu ambacho kiangazi hakiwapi, nacho ni saa chache za kukaa. Ikinyesha mchana hakuna kupalilia wala kuanika kahawa. Maji ya mvua yanakingwa kwenye pipa mlangoni, na safari ya kisimani inapungua. Mama mmoja wa Muhutwe aliniambia kwa kicheko: “Mvua ndiyo likizo yangu, waitu. Serikali haijanipa nyingine.” Katika likizo hiyo ndipo sindano zinapotoka chini ya godoro.

KUBADILISHANA NYUZI

Nilialikwa Jumamosi moja katika kijiji kilicho kando ya barabara ya Muhutwe kwenda Kamachumu. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, Wakatoliki na Walutheri, na mmoja Mwislamu jirani wa mwenye nyumba. Mwenyeji wetu alikuwa bibi wa miaka zaidi ya sabini ambaye wote walimwita Mae, yaani mama. Kwanza tulipewa kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo chenye mfuniko, kama ilivyo heshima ya Wahaya kwa mgeni. Kisha ikasomwa habari ya Dorkasi wa Yafa, katika Matendo ya Mitume sura ya 9, ambaye wajane walimlilia wakionyesha nguo alizowashonea. Baada ya sala kila mmoja akamwaga nyuzi zake juu ya mkeka.

Mkeka wenyewe ulistahili kutazamwa. Wanawake wa Kihaya walisuka mikeka na vikapu tangu kale, kwa ukindu na majani ya aina nyingi, kwa mapambo yanayohesabiwa kama hesabu ya shule. Mkono uliozoea kuhesabu ukindu haupati taabu kuhesabu vitanzi vya uzi. Ufumaji wa sindano mbili ulifika na masista na mashemasi wa kike wa misheni, ukafundishwa shuleni kama kazi za mikono na baadaye katika masomo ya sayansi kimu. Mae aliujua huko akiwa msichana, na sindano zake za kwanza, alisema, zilikuwa spoku mbili za baiskeli ya baba yake zilizosuguliwa juu ya jiwe.

Sasa utaratibu wa kubadilishana. Kipimo si gramu wala fedha. Kipimo ni jozi. Mwenye uzi wa kutosha jozi moja ya soksi za mtoto hubadilishana na mwenye uzi wa kutosha jozi moja, hata kama mmoja ni mpya wa dukani na mwingine umefumuliwa. Hakuna anayeruhusiwa kuusema vibaya uzi wa mwenzake. Mwenye rangi moja tu huondoka na tatu. Aliyechoka na kijani ya sweta za shule hupata nyeupe kwa ajili ya ubatizo. Mabaki yasiyotosha jozi hutupwa katika kikapu kimoja kilichowekwa katikati. Kikapu hicho si cha mtu yeyote, na habari yake nitaieleza baadaye.

Niliona nyuzi za namna mbili. Zile za dukani nyingi ni za akriliki, na wauzaji wa Bukoba wanasema nyingine hupitia mpaka wa Mutukula kutoka Uganda. Hizi ni nafuu, hufulika kwa urahisi na hazipungui kimo. Ubaya wake ni kwamba hazipendi moto. Zikisogezwa karibu na jiko huyeyuka. Namna ya pili ni uzi uliofumuliwa kutoka sweta za mitumba, na huko ndiko inakopatikana sufu ya kondoo halisi. Ukitaka kujua kama uzi ni sufu, choma kipande kidogo. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua na majivu yake husagika kati ya vidole. Akriliki hugeuka kuwa punje ngumu.

Binti mmoja aliyeolewa miaka mitatu iliyopita alileta nyuzi za kijivu nzuri kuliko zote. Mume wake alikuwa amekataa kutoa hata shilingi moja kwa ajili ya uzi, akisema ni mchezo wa watu wasio na kazi. Yeye hakugombana naye. Aliuza mayai mawili matatu, akanunua sweta la mtumba lililotoboka viwiko, akalifumua jioni tatu. Alitufundisha jinsi ya kuchagua, nami nawaletea somo lake.

Kwanza, tazama mshono wa ubavuni. Ikiwa ukingo umekatwa na kuzungushiwa uzi wa cherehani, liache, kwa sababu utapata vipande vifupi visivyo na faida. Ikiwa pande mbili zimeunganishwa kwa mshono wa mnyororo tu, chukua. Pili, fungua mishono yote kwanza, kisha anza kufumua kutoka juu, shingoni au begani, kwani huko ndiko kazi ilikoishia. Tatu, zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali panne usije ukachanganyika, uloweke katika maji vuguvugu yenye sabuni kidogo. Usitumie maji ya moto kwa sufu, itajikunja na kuwa kama blanketi. Nne, utundike kivulini na kitu kizito kidogo chini yake. Ukikauka, mikunjo itakuwa imenyooka na uzi utakuwa mpya.

KIKAPU CHA KATIKATI

Mabaki yale hayatupwi. Kila baada ya kukutana mama wawili hupewa zamu ya kuyafuma soksi na kofia za milia, na zikifika kadiri fulani hupelekwa wodi ya wazazi ya hospitali iliyo karibu. Wilaya ya Muleba ina bahati ya kuwa na hospitali za makanisa kwa muda mrefu: Ndolage ya Walutheri, Rubya na Kagondo za Wakatoliki. Mama wa kijijini hufika huko mara nyingi akiwa na khanga mbili tu.

Mtoto mchanga anapoteza joto upesi kuliko tunavyodhani. Ametoka mahali pa joto akiwa amelowa, ngozi yake ni nyembamba na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili. Joto lake linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, nguvu anazohitaji kwa kunyonya na kukua huzitumia kujipasha. Ndiyo maana wauguzi wanatuambia mtoto akaushwe mara moja, alazwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, na asiogeshwe mpaka saa 24 zipite. Kwa mtoto njiti ni muhimu zaidi. Huyo hufungwa kifuani pa mama kwa njia ya kangaruu, amevaa nepi, kofia na soksi tu, na kifua cha mama kinakuwa jiko lake mchana na usiku.

Katika mkutano ule alikuwepo mama mmoja aliyekaa kimya muda mrefu, mtoto wake wa kike akicheza na madonge ya uzi miguuni pake. Mae alimwomba aseme. Akasema kwamba mtoto yule alizaliwa mimba ikiwa na miezi saba, usiku wa mvua kubwa ya Novemba, akiwa na uzito usiofika kilo mbili. Hakuwa ameandaa chochote. Muuguzi alimfungia mtoto kifuani, kisha akaleta kofia na soksi za milia ya rangi sita zisizolingana. “Aliyemponya ni Mungu, na wauguzi, na wiki nne za kukaa naye kifuani,” alisema. “Lakini nilipoziangalia zile soksi usiku nilijua kuna mwanamke mahali fulani aliyekaa chini akafikiri juu ya mtoto asiyemjua. Nikaacha kulia.” Alipotoka hospitali aliuliza nani anafuma, akaja kujifunza.

Nilipoziona soksi za milia nilikumbuka nyingine. Katika jumba la makumbusho la British Museum huko London kuna soksi ndogo ya mtoto, ya mguu wa kushoto, iliyochimbuliwa Misri katika mji wa kale wa Antinoupolis. Ni ya kiasi cha mwaka 300 baada ya Kristo, na dole gumba limetengwa ili mtoto aweze kuvaa kandambili juu yake. Mwaka 2018 wataalamu waliichunguza kwa picha za mwanga maalumu wakagundua kwamba milia yake ya rangi nyingi ilitokana na rangi tatu tu za mimea: nyekundu, buluu na njano, zilizochanganywa kwa ustadi. Basi mama wa Afrika alikuwa akimfumia mtoto wake soksi za milia miaka 1,700 iliyopita, kwa sindano moja, kabla ya ufumaji wa sindano mbili kujulikana. Akina mama wa Kamachumu wana dada wa zamani sana.

UKITAKA KUJARIBU

Soksi rahisi kuliko zote ni ile isiyo na kisigino. Inafaa mtoto mchanga kwa kuwa haina upande wa mbele wala wa nyuma, na mguu ukikua inaendelea kumfaa. Mae aliniandikia hivi:

Tumia uzi wa unene wa kati na sindano mbili za milimita 4. Anza vitanzi 32. Fuma viwili vya mbele na viwili vya nyuma mpaka mwisho wa mstari, na kila mstari uwe hivyo, ili kazi iwe ya kuvutika kama mpira. Ikifika sentimita 13, punguza: fuma vitanzi viwili pamoja mstari mzima, vibaki 16. Rudi mstari mmoja bila kupunguza. Punguza tena viwili pamoja, vibaki 8. Kata uzi ukiacha mkia, upitishe katika vitanzi vyote nane, vuta kwa nguvu, kisha shona ubavu mpaka juu. Donge la gramu 50 linatoa jozi mbili bila taabu.

Mambo matatu usiyasahau. La kwanza, geuza soksi ndani nje na ukate au ufiche kila uzi ulioning'inia. Uzi mmoja uliolegea waweza kuzunguka kidole cha mtoto na kuzuia damu, na mtoto hana la kufanya ila kulia. Mtoto akilia bila sababu inayoonekana, mvue soksi utazame vidole kimoja kimoja. La pili, usitie vifungo wala shanga, vinafika mdomoni. La tatu, usimfunike kupita kiasi. Pitisha mkono nyuma ya shingo yake au kifuani. Akiwa ana jasho, punguza nguo moja, na akilala ndani ya nyumba yenye joto mvue kofia.

Tena soksi haizuii mbu. Muleba imeteswa sana na malaria, lakini pia imesaidia dunia. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya wilaya hiyo, na kutangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa iliyoongezewa kinga ya PBO vinawalinda watoto kuliko vile vya kawaida mahali ambapo mbu wameizoea dawa ya zamani. Basi mvishe mtoto soksi, na umlaze ndani ya chandarua.

BIBI NA WAJUKUU

Huwezi kuandika juu ya nyumba za Kagera ukaacha kuwataja mabibi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo migomba iliona mazishi mengi kuliko harusi. Watoto walibaki na mabibi. Kanisa la Kilutheri lilianzisha Huyawa, yaani Huduma ya Watoto, mwaka 1989. Huko Nshamba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee wanaolea wajukuu fedha kidogo kila mwezi. Dawa zimeleta nafuu kubwa tangu wakati huo, lakini wale wajukuu wa zamani ni wazazi leo, nao wamelelewa na wanawake waliojua kutengeneza kitu kutokana na kisicho kitu.

Mae mwenyewe alilea wajukuu watano. Aliwafumia sweta za shule, na kila mwaka sweta la mkubwa lilifumuliwa, likaongezwa uzi, likawa la mdogo. Nilikumbuka Hana, mama yake Samweli, ambaye Biblia inasema alimtengenezea mwanawe kanzu ndogo akampelekea mwaka hata mwaka. Mtoto hayupo nyumbani, lakini mama anajua amekua kiasi gani, anakisia kwa upendo.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipoipiga Kagera, watu wasiopungua 17 walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Ilikuwa vuli inaanza. Familia nyingi zililala nje chini ya maturubai. Mae alisema kwamba wiki ile hakuna aliyemuuliza tena bibi yeyote kwa nini anafuma.

JIBU NILILOPEWA

Niliwauliza wazi: mbona mitumba ni rahisi? Hawakuidharau mitumba, wote wanainunua, na wengine wanaifumua. Lakini walinijibu mambo matatu. Soksi za mitumba za kumfaa mtoto wa wiki moja ni adimu, na mipira yake mara nyingi humkaza mtoto na kumwachia alama. Jambo la pili ni kwamba kitu kilichofumwa hakifi. Kinafumuliwa na kuwa kingine. Na la tatu, alilisema binti wa nyuzi za kijivu: “Nikinunua soksi nimepata soksi. Nikizifuma nimepata soksi na mama kumi wa kuniuliza habari zangu.”

Mume wake, alitueleza, alianza kubadilika mtoto wao wa pili alipozaliwa. Alimkuta mtoto amelala usingizi wa raha usiku wa mvua, akazishika zile soksi kidoleni pake akazitazama kwa muda. Siku ya pili alirudi kutoka Muleba mjini na donge moja la uzi wa njano mfukoni. Hakusema neno, aliliweka mezani tu. Wanawake walicheka mpaka Mae akafuta machozi.

Mwisho wa Novemba, hali ya hewa ikiruhusu, senene huanza kuruka na mikutano ya nyuzi husimama, kwa maana kila mtu yuko nje na ndoo. Zamani mwanamke wa Kihaya aliwakusanya senene, akawanyonyoa, akawapika, lakini mwiko ulimkataza kuwala. Siku hizi anakula pamoja na watoto wake. Mambo yanabadilika pole pole, kama soksi inavyokua mstari kwa mstari.

Mama mpendwa, pengine kwako hakuna baridi kama ya Kamachumu. Lakini hakuna parokia wala usharika usio na mama anayekaribia kujifungua akiwa hana cha kumvika mtoto. Fungua kabati lako utazame kuna sweta gani lisilovaliwa. Wakaribishe majirani wawili watatu Jumamosi moja, mtandike mkeka, na katikati yake muweke kikapu kisicho cha mtu. Haba na haba hujaza kibaba. Mungu aliyewavika maua ya kondeni ametupa sisi mikono, na zipo nyayo ndogo zinazoingojea.